Kumuuliza hakumtii wazo kichwani
Wengi huogopa kumuuliza mtu aliyekata tamaa kama anafikiria kujiua, wakidhani swali ndilo litakalompa wazo. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kuwa kuuliza hakuchochei. Mara nyingi humtua mtu mzigo, maana hatimaye amepata wa kumwambia.

Kimya hiki kina historia. Nchini Kenya jaribio la kujiua lilikuwa jinai, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilicholifanya kosa, kinakiuka katiba. Nani angesema ukweli akiogopa polisi?

Muulize faraghani, bila kuzunguka: "Ndugu yangu, unafikiria kujiua?" Kisha msikilize. Tafadhali usimhubirie. Akikiri, usimwache peke yake. Fuatana naye hadi hospitali.