Ram si lazima ziwe mapacha

"Fundi, hii ni ya kampuni nyingine, itakubali kweli?" Wiki hii nimeulizwa hivyo mara nne, na mara ya nne nimechoka. Aliyeuliza ni kijana anayehariri video za harusi. Alikuja na kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Ryzen 5 5600G na ram moja tu ya GB 8. Ram ya pili, GB 8 vilevile, alikuwa nayo nyumbani miezi mitano, imeviringishwa kwenye gazeti ndani ya droo. Muuzaji mmoja alimwambia kwamba bila pacha yake halisi chaneli mbili, yaani prosesa kuchota kwa njia mbili kwa wakati mmoja, haifanyi kazi, na akamshauri auze zote anunue seti mpya dukani kwake. Bila shaka dukani kwake!

Kidhibiti cha kumbukumbu, ambacho siku hizi kimo ndani ya prosesa, hakisomi stika. BIOS, programu inayoiamsha mashine, hukisomea chipu ndogo ya SPD iliyo kwenye kila ram: ukubwa, kasi, taimingi, volteji. Kikishapokea, kinazipeleka zote kwa mwendo ambao hata ile ya polepole inaumudu. Kinachotakiwa ni ram za kizazi kimoja, DDR4 na DDR4, na ujazo uliolingana kila upande wa chaneli. Rangi na jina la kampuni ni urembo.

Kijana hakukubali haraka, na swali lake lilikuwa la maana: ram ya zamani ni 3200, ya kwenye gazeti ni 2666, si kasi itashuka? Itashuka ndiyo. Lakini tupige hesabu. Chaneli moja ina upana wa biti 64, yaani baiti 8. Zidisha 3200, yaani safari milioni 3200 kwa sekunde, kwa 8, unapata GB 25.6 kwa sekunde. Sasa chukua 2666: kila chaneli inabeba GB 21.3, na chaneli ziko mbili, jumla inapita 42. Sasa nani kapoteza? Na 5600G yake haina kadi ya grafiki pembeni. Grafiki iliyo ndani ya prosesa inachota kwenye ram hizohizo, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuiona tofauti. Mwenye kadi yake ya grafiki, au anayeandika barua tu, asitegemee miujiza.

Nikaibonyeza ram ya pili kwenye sloti mpaka kibano kikalia "ta". Tukawasha. Kioo kikabaki cheusi karibu dakika nzima, kijana akashika kichwa. Tulia kaka, inazipima. Picha ilipokuja nikafungua CPU-Z, programu ya kuonyesha vilivyomo ndani ya mashine, kwenye ukurasa wa Memory. Palipokuwa pameandikwa 1 x 64-bit pakasomeka 2 x 64-bit. Gazeti lake alilikunja akaondoka nalo, sijui la nini.

Uongo huu wa mapacha una asili yake, siwezi kuukana. Mazabodi za chipseti za Intel 865 na 875, za mwaka 2003, zilidai kweli ram zifanane mpaka aina ya chipu. Baadaye Intel ikaleta Flex Memory: hata ukiweka GB 8 na GB 4, GB 4 za kila upande zinaenda kwa chaneli mbili, na GB 4 zilizobaki zinaenda peke yake. Seti zilizopimwa pamoja kiwandani zina faida yake pia, ila kwa anayetaka kuwasha XMP, mpangilio wa kasi ya ziada uliohifadhiwa ndani ya ram, na kukimbiza ram kwa kasi ya juu. Ukichanganya, usiiwashe XMP, kisha iendeshe MemTest86, programu ya kupima ram, usiku kucha kabla hujaiamini na kazi ya mteja.

Wakati watu wanahangaika na stika, kosa lenyewe linafanyika kwenye sloti. Wanaziweka ram mbili jirani jirani "zisaidiane". Kwenye mazabodi nyingi za sloti nne, jirani hao ni A1 na A2, wote wa chaneli moja, na chaneli B inabaki tupu. Hesabu kuanzia kwenye prosesa: weka ya pili na ya nne. Rangi zisikudanganye, kila kiwanda kina mpango wake na nyingine ni nyeusi tupu. Soma herufi zilizochapwa kwenye bodi, au mchoro wa mtengenezaji kama ni mashine ya ofisi. Na kabla ya kuweka ram ya mtumba, futa meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, pangusa vumbi lake. Ram nyingi zinazoletwa kwangu "zimekufa" huwa ni chafu tu.

Mengine nayamaliza kwa mkupuo. Chaneli mbili haiongezi ujazo: 8 na 8 ni 16, basi. Ram nne kwenye kompyuta ya kawaida si chaneli nne, ni mbili zilezile zenye abiria wawili kila moja. Ram moja ya DDR5 imegawanywa ndani biti 32 mara mbili, jumla ni 64 ileile, kwa hiyo bado unahitaji ya pili. Na Task Manager ya Windows ikisema sloti 2 kati ya 4 zinatumika, haijakwambia ni zipi.

Kuna mama alinunua laptopu ya Core i5-1135G7, akaahidiwa grafiki ya Iris Xe, akafungua akakuta imeandikwa UHD, jina la grafiki ya kawaida ya Intel. Alikuwa njiani kwenda polisi. Mashine ilikuwa na ram moja, na Intel hairuhusu jina la Iris Xe mpaka chaneli zote mbili zijae. Nikaongeza ram ya kampuni tofauti, tukawasha, jina likabadilika lenyewe. Akaniuliza nimemwekea programu gani.