Kafara si damu ya ndugu

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar: mfanyabiashara wa Kariakoo akiinuka ghafla, basi kuna ndugu kamtoa kafara, kwa kuwa "hakuna mafanikio bila damu". Si kweli.

Tuanze na neno lenyewe. Kafara limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni malipo ya kufuta kosa. Ukitaka kuhakikisha, fungua Kurani, sura ya 5, aya ya 89: aliyevunja kiapo alishe maskini 10, au awavishe, au amwache huru mtumwa, asiyeweza, afunge siku 3. Hakuna damu ya mtu hapo. Kwa Kiswahili likaja kumaanisha pia kitu kinachotolewa kuondoa balaa, na hofu ikapata mlango.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba msiba unaonekana na mtaa mzima, lakini daftari la duka halionekani. Hatuoni mkopo, kiwanja kilichouzwa, wala miaka ya kulala njaa ili mtaji usiguswe. Huko ndiko kujitoa kwenyewe, kama kwa mama lishe wa Buguruni anayewasha mkaa alfajiri ili ada ya mtoto ipatikane. Kifo kikitokea mwaka duka linapopanuka, watu wanaunganisha, na familia iliyofiwa inanyoshewa vidole badala ya kupewa pole. Hilo linaniuma.

Ukiupokea ujumbe huo, muulize aliyeutuma amejuaje. Kisha ufute, tafadhali, usiusambaze.