Rice au Owens: mzee wa miaka 38 na kijana wa 27

Vijana ninaowafundisha kusoma video za mechi hapa California hupenda kuniuliza timu hujuaje kwamba mpokeaji wao nyota amezeeka. Huwa nawarudisha San Francisco, mwaka 2001. Kwenye orodha ya 49ers, timu ya mji huo, kulikuwa na Jerry Rice, miaka 38, ambaye wengi humwona mpokeaji bora kuliko wote waliowahi kucheza futiboli ya Kimarekani, na Terrell Owens, miaka 27, mwenye mwili wa mbeba mizigo na mbio za mwanariadha. Klabu ikamchagua Owens. Nadhani ilichagua vizuri. Rice naye akahamia timu ya Oakland, ng'ambo tu ya ghuba, akaonyesha kwamba alikuwa bado yumo. Watu hudhani moja kati ya hayo mawili lazima liwe kosa. Mimi sioni hivyo.

Kwa mgeni wa mchezo huu: mpokeaji ndiye anayekimbia, anamhadaa beki, kisha anadaka mpira uliorushwa na kwotabeki. Hesabu zake kuu ni pasi alizodaka, yadi alizosogeza (yadi moja ni kama sentimita 91) na tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani na kupata pointi.

Rice alichaguliwa wa 16 katika drafti ya 1985 (zamu ambazo timu huchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni), akitokea chuo kidogo cha Mississippi Valley State. Mwaka 1995, akiwa na miaka 33, alidaka pasi 122 kwa yadi 1,848. Mechi ya kwanza ya msimu wa 1997 goti lake likachanika. Akarudi Desemba hiyohiyo, akadaka tachidauni na papo hapo akavunjika kifuu cha goti. Hata hivyo 1998 alipita tena yadi 1,000. Kisha yakaja materemko: 1999 pasi 67 na yadi 830, 2000 pasi 75 na yadi 805.

Pasi 75 si haba. Wapokeaji wengi vijana wangeshukuru kupata nusu yake. Lakini uzee wa mpokeaji hauanzii mikononi. Gawanya yadi kwa pasi: mwaka 1995 Rice alipata zaidi ya yadi 15 kwa kila pasi, mwaka 2000 hazikufika 11. Mwaka huohuo Owens, timu ileile, mrushaji yuleyule Jeff Garcia, alidaka 97 kwa yadi 1,451, karibu 15 kwa pasi.

Ukitaka kuona chanzo cha namba hizo kwenye video, usiutazame mpira, tazama miguu ya beki. Beki anayemwogopa mpokeaji husimama mbali naye na hugeuza nyonga mapema ili asiachwe nyuma. Asipomwogopa, humsogelea, hubaki amemkabili, na hungojea pasi fupi. Mpokeaji mzee bado atadaka hizo fupi, maana akili na mikono viko palepale, ila hasara inawaangukia wenzake: beki wa nyuma ambaye zamani alilazimika kumlinda yeye sasa yuko huru kwenda kumsaidia mwingine. Hiyo haimo kwenye takwimu za mtu mmoja.

Tarehe 17 Desemba 2000 mashabiki walikuja uwanjani kumuaga Rice, kila mtu akijua ni mechi yake ya mwisho ya nyumbani kwa 49ers. Walicheza na Chicago Bears, wakashinda 17 kwa 0. Siku hiyo Owens alidaka pasi 20 kwa yadi 283 na kuivunja rekodi ya Tom Fears ya pasi 18 katika mechi moja, iliyokuwa imedumu tangu 1950. Sherehe ya mzee, mavuno ya kijana. Hata mwandishi wa tamthilia angeona aibu kuiandika hivyo.

Ila uamuzi haukufanywa na mechi moja. Uliamuliwa na fedha. Anayefuata soka anaweza kudhani kwamba mzee huuzwa, klabu ikaingiza chochote. Huku hakuna ada ya uhamisho. Kuanzia 1994 kila timu ina kikomo cha mishahara, na bonasi ya kusaini hugawanywa kwa miaka ya mkataba. Ukimwacha mchezaji, sehemu ya bonasi ambayo haijahesabiwa inaingia yote kwenye kikomo chako kwa mara moja, hata kama ameshaondoka. Ukimwacha baada ya tarehe 1 Juni, maumivu hayo hugawanywa kwa misimu miwili. Ndiyo maana Rice aliachwa mwanzoni mwa Juni. 49ers walikuwa wamesukuma malipo mbele kwa miaka mingi wakitafuta ubingwa, na deni likawafikia: walishinda mechi 4 tu mwaka 1999, na 6 mwaka 2000. Bill Walsh, kocha aliyemleta Rice mwaka 1985, alirudi mwaka 1999 kama meneja mkuu na ndiye aliyepaswa kuanza kuifunga hesabu hiyo.

Kinachosahaulika ni kwamba Owens hakuwa mrithi aliyepangwa. Mrithi aliyepangwa alikuwa J.J. Stokes. Mwaka 1995 klabu ilipanda hadi nafasi ya 10 ya drafti kumchukua, na katika biashara hiyo ikatoa pia chaguo lake la kwanza la 1996. Stokes hakuwahi kufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote. Chaguo lililotolewa liliishia Baltimore, wakamchukua Ray Lewis, mmoja wa walinzi wakubwa wa historia ya ligi. Owens alipatikana 1996 katika raundi ya tatu, wa 89, kutoka Chattanooga, chuo ambacho wengi hawakukitazama. Mimi huogopa sana timu inapomtangaza mrithi kabla hajawakimbia mabeki wa ligi hii.

Sasa Oakland. Mwaka 2001 Rice alidaka 83 kwa yadi 1,139, mwaka 2002, msimu aliotimiza miaka 40, akadaka 92 kwa yadi 1,211. Wastani ulipanda tena juu ya 13. Miguu haikuwa imerudi ujana. Kazi ndiyo iliyobadilika: upande wa pili alikuwepo mpokeaji mwenzake Tim Brown, baadaye kijana Jerry Porter akaja kuwatisha mabeki wa nyuma, na kwotabeki Rich Gannon alikuwa mtu wa kurusha kwa wakati, mpira ukitoka kabla mpokeaji hajageuka. Kwa mfumo huo, mtu anayejua kufika mahali panapotakiwa, kwa sekunde inayotakiwa, ana thamani kuliko mwenye mbio. Waliifikia Super Bowl, fainali ya ligi, ya Januari 2003, wakafungwa 48 kwa 21 na Tampa Bay, na Rice akadaka tachidauni ya yadi 48.

Kwa hiyo ule wastani wa San Francisco ulimpima mchezaji pamoja na kazi aliyopewa. Je, 49ers wangempa kazi ya aina ya Oakland? Labda, lakini si kwa mshahara ule, na sidhani kama Rice angekubali kuwa wa pili mbele ya watu waliomzoea wa kwanza. Mgeni hupokea cheo kidogo kwa urahisi kuliko mwenye nyumba.

Bila yeye, 49ers walishinda mechi 12 mwaka 2001, Owens akiwa na tachidauni 16. Kisha Owens naye akaondoka 2004, akiwa na miaka 30. Safari hii hapakuwa na kijana aliyekwisha kuiva. Walimchukua Rashaun Woods katika raundi ya kwanza, ambaye alidaka pasi 7 katika maisha yake yote ya ligi. Msimu huo walishinda mechi 2, na aliyeongoza kwa kudaka alikuwa Eric Johnson, mchezaji wa taiti-endi, nafasi ambayo nusu ya kazi yake ni kuzuia.