Kutoka sanko hadi santei: mume anayetakiwa Japani

Watu wakisikia vijana wa Japani hawaoani, jibu la haraka ni kwamba wanawake wa kule wanachagua sana. Mimi nafundisha Kijapani na kauli hiyo inaniuma, sababu maneno yao wenyewe ya mtaani yanasema kinyume kabisa.

Anzia mwishoni mwa miaka ya 80, hela zimejaa Tokyo, soko la hisa linapanda tu mpaka kilele cha Desemba 1989. Mume wa ndoto akaitwa sanko, "juu tatu": elimu ya juu, mshahara mkubwa, kimo kirefu. Na binti naye alibanwa, akipita miaka 25 hajaolewa anaitwa keki ya Krismasi, maana keki hiyo tarehe 25 ikishapita haina mnunuzi. Neno baya sana lile, afadhali limechakaa.

Halafu mwanzoni mwa 90 uchumi ukaporomoka, kampuni zikabana ajira za kudumu, vijana kibao wakaishia kwenye mikataba ya muda na vibarua, sasa huyo wa juu tatu utamtoa wapi? Ndo likaja sanpei, "wastani tatu": mshahara wa kawaida, sura ya kawaida, mtu mtulivu. Likaja na santei, "chini tatu", yaani majivuno chini, hatari chini, utegemezi chini, na hili kwangu ndo zito kuliko yote: mwanaume asiyejikweza kwa mkewe, ambaye kazi yake haiyumbi (watumishi wa serikali wanapendwa kwa hilo), na asiyemtegemea mke kwa kila kitu, yaani anapika, anafua, haulizi soksi ziko wapi.

Na sio maneno ya mtaani tu. Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2021, wanawake 70% hivi walisema uwezo wa mume kufanya kazi za nyumbani na kulea ni jambo muhimu, wakati 1997 walikuwa kama 44%. Wanaume wanaojali kipato cha mke nao wamefika karibu nusu.

Masharti yameshuka hivyo lakini wanaume wanaofika miaka 50 bila kuoa kabisa wametoka karibu 6% mwaka 1990 hadi 28% mwaka 2020. Kwa hiyo tuangalie mikataba ya kazi kwanza, na saa wanazokaa ofisini, sababu anayerudi na treni ya mwisho atapika saa ngapi? Hata programu ya kutafuta wachumba iliyoanzishwa na serikali ya jiji la Tokyo mwaka 2024, ukijisajili inakudai uthibitisho wa kipato chako.