Je, wajua kwa nini Waperu wa ughaibuni huwarithisha watoto wao ngoma?

Mtoto wa Kiperu aliyezaliwa Paterson, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, huzungumza Kiingereza shuleni na mtaani, na mara nyingi Kihispania chake ni cha kuungaunga, cha kumjibu bibi mezani. Hata hivyo, mtoto huyohuyo anaweza kusimama mbele ya hadhira akiwa na leso nyeupe mkononi, akacheza marinera kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho bila kukosea. Jambo hili huonekana pia Madrid, Milan, Santiago na Japani. Ni haki basi kuuliza kwa nini, miongoni mwa mambo yote ambayo mzazi angeweza kubeba kutoka nyumbani, ngoma ndiyo inayodumu kwa uthabiti namna hii.

Marinera huchezwa na watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaofuatana, kukaribiana na kukwepana bila kushikana, huku leso zikizungumza kwa niaba yao. Katika mtindo wa kaskazini, ambao makao yake makuu ni mji wa Trujillo, mwanamke hucheza peku akiwa amevaa sketi pana, naye mwanamume huvaa viatu na kofia pana ya kusukwa. Katika mtindo wa Lima, wapiga gitaa na mpiga kahoni, yaani sanduku la mbao linalopigwa kwa viganja na mpigaji aliyelikalia, huwasindikiza waimbaji wanaojibizana. Ngoma hii ilitokana na zamacueca, iliyokua pwani ya Peru kutokana na mchanganyiko wa Wahispania, wenyeji wa asili na Waafrika waliopelekwa huko utumwani, wakiwamo watu wa Kongo na Angola.

Historia ndiyo iliyoifanya iwe alama ya taifa. Katika karne ya 19, jijini Lima ilikuwa kawaida kuiita ngoma hiyo chilena, yaani "ya Kichile". Mwaka 1879 vita vilipozuka kati ya Peru na Chile, mwandishi Abelardo Gamarra alipendekeza iitwe marinera kwa heshima ya jeshi la majini, ambalo kamanda wake maarufu, Miguel Grau, aliuawa katika mapigano ya Angamos tarehe 8 Oktoba mwaka huohuo. Peru ilishindwa, na majeshi ya Chile yakaikalia Lima tangu Januari 1881 hadi 1883. Tangu hapo, aliyecheza marinera alikuwa pia akitangaza yeye ni nani. Nayo Chile ikaendelea na tawi lake la zamacueca, yaani cueca, na mwaka 1979 ikaitangaza rasmi kuwa ngoma ya taifa. Leo jiji la Santiago lina jamii kubwa ya Waperu, na wanapocheza marinera huko, wenyeji wao hutazama ndugu wa damu wa ngoma yao wenyewe, ngoma iliyotenganishwa nao kwa vita. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri kuliko huu jinsi urithi unavyoweza kuwa wa pamoja na bado ukabaki kitambulisho cha kila upande.

Lakini vita pekee havitoshi kueleza. Sababu iliyo na uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba Waperu walijifunza kutumia ngoma kama nyumba ya mhamiaji kabla hawajavuka mipaka ya nchi yao. Kuanzia katikati ya karne ya 20, watu wa milima ya Andes walishuka kwa wingi kwenda Lima, jiji ambalo mara nyingi liliwadharau kwa lugha yao ya Kikechua na mavazi yao. Walijibu kwa kuunda vyama vya watu wa kijiji kimoja au wilaya moja, na sikukuu ya mtakatifu wa kijiji ilipofika, walichanga fedha, wakaita bendi, wakacheza ngoma za kwao katikati ya jiji. Katika miaka ya 1980, mfumuko wa bei na vita kati ya serikali na kundi la waasi la Shining Path viliwasukuma watu mbali zaidi, na tangu mwaka 1990 zaidi ya Waperu milioni 3 wameondoka nchini. Hawakuhitaji kubuni namna mpya ya kuishi ugenini. Utaratibu wa chama, mchango, bendi na sikukuu walikuwa wanao tayari.

Kisa cha Japani kinagusa zaidi. Mwaka 1990 nchi hiyo ilibadili sheria yake ya uhamiaji, ikawaruhusu wajukuu wa Wajapani waliohamia Amerika ya Kusini kwenda kufanya kazi huko. Watu ambao Peru iliwahesabu kuwa Wajapani walijikuta viwandani wakihesabiwa wageni wa Kilatini, na wengi wao waliutambua Uperu wao kwa nguvu zaidi huko kuliko walivyowahi kuutambua Lima.

Ngoma pia haimdai mtoto ajue Kihispania kwanza. Mwili hujifunza kwa kurudia, na kosa la mguu haliaibishi kama kosa la lafudhi. Isitoshe, marinera haichezwi na mtu mmoja: ni lazima awepo mwenzi, mwalimu na mtu wa kushona sketi, na wazazi wanaosubiri mazoezi yamalizike hupata nafasi ya kuulizana habari za kazi, nyumba na hati za ukaazi. Kalenda nayo husaidia, kwa kuwa tarehe 28 Julai, siku ya uhuru uliotangazwa mwaka 1821, hudai maonyesho kila mwaka, na mashindano ya kitaifa ya Trujillo, yanayoandaliwa na Club Libertad tangu mwaka 1960, yana madaraja ya watoto wadogo hadi wazee. Mtoto wa ughaibuni huwa na lengo la kutazamia.

Hata hivyo, mafanikio ya marinera yana gharama. Mtindo wa Trujillo umeng'aa kiasi cha kuonekana kana kwamba ndio Peru nzima, ilhali mtoto ambaye babu yake alitoka Ayacucho, kwenye milima ya Andes, anastahili kuijua pia ngoma ya mikasi, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2010, ambamo mchezaji hugonganisha vipande viwili vya chuma mkononi huku akiruka kwa sauti ya kinubi na fidla. Hiyo hupokezanwa kutoka kwa bwana hadi kwa mwanafunzi, na si rahisi kuifundisha kwa saa mbili za Jumamosi. Ngoma za Waperu weusi, kama festejo na landó, zilikuwa karibu kupotea kabla ndugu wawili, Nicomedes na Victoria Santa Cruz, hawajaanza kuzifufua mwishoni mwa miaka ya 1950 kutokana na kumbukumbu za wazee na ubunifu wao wenyewe. Baadaye Victoria alifundisha katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani. Wanaolalamika kwamba ngoma ya ughaibuni si halisi wangepaswa kukumbuka kwamba hata nyumbani sehemu ya urithi ilibidi iundwe upya.

Wala safari si ya upande mmoja. Kila Februari, mji wa Puno, kando ya ziwa Titicaca, huadhimisha sikukuu ya Bikira wa Candelaria kwa vikundi vingi vya ngoma na bendi, na wazaliwa wengi wa mkoa huo waliohama hurudi ili kucheza pamoja na kikundi chao cha zamani, baadhi wakiwa na watoto ambao hawajawahi kuishi hapo.