Chumvi Ilipolowa Dar

Saa 11 alfajiri, kwenye hosteli tuliyofikia Dar es Salaam, mlango wangu uligongwa. Nilipofungua nilimkuta mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, khanga begani na chupa ya kioo mkononi.

“Shikamoo madam. Chumvi imelowa.”

Tulikuwa tumetoka Sumbawanga juzi yake, zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, na majaji wa maonesho ya sayansi ya wanafunzi walikuwa wanapita mezani saa tatu asubuhi. Nitaeleza kwa nini chumvi ilikuwa muhimu kiasi hicho. Kila mwaka walimu wenzangu huniuliza jinsi ya kuwaandaa wanafunzi kwa safari ya maonesho ya kitaifa, na wengi wanatarajia niwaeleze mambo ya bango na sare. Mimi nafundisha Baiolojia na Kemia, nimekuwa mlezi wa klabu ya sayansi kwa miaka kadhaa, na jibu langu siku zote huanzia kwenye daftari.

Kwanza historia kidogo, maana inasaidia kujua tunapanda basi kwenda kwenye kitu gani. Mwaka 1963 wanafizikia wawili wa Ireland, Tom Burke na Tony Scott, walikuwa New Mexico, Marekani, wakakuta wanafunzi wa sekondari wamepanga majaribio yao ukumbini na kuyaeleza kwa watu. Waliporudi kwao wakaanzisha ya kwao, na mwaka 1965 wanafunzi 230 wakaonesha kazi zao Dublin. Mshindi wa kwanza alieleza jinsi chakula kinavyomeng’enywa tumboni. Hakuwa na roboti. Mbegu hiyo ndiyo iliyofika kwetu mwaka 2011 pale Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry walipoanzisha Young Scientists Tanzania, na mwaka uliofuata maonesho ya kwanza ya kitaifa yakafanyika ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam. Washindi wamekuwa wakipelekwa Dublin kuona maonesho yenyewe ya Ireland, na Karimjee Jivanjee Foundation imewalipia wengi ada za chuo kikuu. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuvuka Tunduma, hilo si jambo dogo, na ndiyo maana baadhi ya walimu hushikwa na kishawishi cha kumfanyia mradi.

Usimfanyie. Mradi wa mwalimu hujulikana mezani ndani ya dakika mbili. Jaji anauliza, “Kwa nini mlichagua kipimo hiki?” na watoto wanatazamana, kisha wanakutafuta wewe kwa macho kwenye umati.

Mradi wa wasichana wangu wawili ulihusu dumuzi. Mkoa wetu unalima mahindi, na anayelima mahindi anamjua huyu mdudu: kabla hujafungua gunia unauona unga chini yake. Asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa nchini aliripotiwa kwanza Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akasambaa ukanda mzima akisafiri ndani ya mahindi yaliyopakiwa kwenye malori. Wasichana waliuliza swali rahisi: mama asiye na hela ya dawa wala ya mfuko maalumu usiopitisha hewa, akitumia chupa tupu za maji za lita 1.5, mbegu zake zitapona?

Sayansi yake ni nzuri. Ukijaza mahindi makavu kwenye chombo kisichopitisha hewa, wadudu waliomo hupumua mpaka oksijeni inapungua sana, na hapo huacha kula. Ila kinachowaua, kwa kiasi kikubwa, ni kiu. Dumuzi hanywi maji. Anayatengeneza mwilini mwake kutokana na chakula, na kazi hiyo inahitaji oksijeni. Akikosa oksijeni, anakaukia katikati ya chakula chake. Nilipowaeleza hivyo, mmoja akasema, “Kumbe tunamnyima maji bila kumgusa.” Sentensi hiyo ilikwenda moja kwa moja kwenye bango.

Wakaanza na chupa tisa: tatu zimefungwa kabisa, tatu zimefunikwa kitambaa tu za kulinganishia, tatu zina kitambaa na majivu. Kila mwezi wangefungua, watoe punje 100, wahesabu zenye matundu. Niliona kosa siku ya kwanza nikanyamaza. Wiki ya nne wakafungua zile tisa zote, wakahesabu, wakafunga tena, na jioni yule anayeshika daftari akaja mbio.

“Madam, tukifungua si hewa inaingia?”

Ndiyo, mwanangu, inaingia. Jaribio zima likawa limeharibika. Walitaka kung’oa ukurasa ule nikawakatalia. Waliandika kwa kalamu: tumekosea, tumefungua chupa, hewa imeingia, tunaanza upya. Mara ya pili wakaandaa chupa 27, tisa za kila mwezi, kila chupa ifunguliwe mara moja tu basi. Hizo ni kilo 27 za mahindi, debe moja na nusu, na mtunza stoo wa shule hajanisamehe hadi leo.

Chumvi inaingilia hapa. Mahindi yasipokauka vizuri, ukiyafungia kwenye chupa yataota ukungu hata kama wadudu wamekufa. Unyevu unaofaa kuhifadhi ni kama asilimia 13, na kipima unyevu hatuna. Kuna njia ya zamani ambayo mabwana shamba wanaifundisha: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, jaza mahindi kama theluthi, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yamezidi unyevu wa asilimia 15, rudisha juani. Isiponata, hifadhi. Wasichana walipanga kumfanyia jaji onesho hilo palepale mezani. Ni kitu kinachoonekana kwa macho, na kwetu Sumbawanga hakijawahi kukataa.

Sasa safari yenyewe. Barua ikifika, kazi ya kwanza ni ruhusa ya mzazi kwa maandishi, kisha mkuu wa shule, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri. Wanafunzi wa kike lazima wafuatane na mwalimu wa kike, hilo halina mjadala kwangu. Kadi za bima, namba za simu za wazazi kwenye karatasi na si kwenye simu tu, maana simu huzima chaji Mafinga. Nauli ndiyo inayozibakiza shule nyingi nyumbani, na sina dawa yake zaidi ya kuanza kuchangisha mapema.

Wadudu hai hatukubeba. Wasichana walitaka sana jaji awaone wakitembea. Nikawauliza dumuzi alitokaje Tabora hadi kwetu. Wakacheka, wakaelewa: tungekuwa tunafanya kwa basi kile kile kilichofanywa na malori. Tulibandika wadudu wakavu kwenye kadi nyeupe, na punje za kuonesha tukazipasha moto jikoni kwanza kuhakikisha hakuna kiumbe ndani.

Bango tulilikunja vipande vitatu, tukalifunga na turubai, utingo akaliweka kwenye buti. Kosa langu. Tuliposhuka stendi ya Mbezi tulikuta ndoo ya mtu yenye samaki, migebuka, imekaa juu yake safari nzima. Kipande cha katikati, chenye grafu, kilikuwa na duara la mafuta ukubwa wa sahani, na harufu ya Ziwa Tanganyika ilitufuata mpaka hosteli. Tangu hapo bango langu linasafiri kama karatasi zilizoviringishwa ndani ya bomba la plastiki la maji, juu ya mapaja ya mtu, na ubao tunautafuta hukohuko. Wenzetu wa Dodoma siku hizi wanatamba na treni ya SGR, wanashuka Dar saa chache baada ya kupanda wakiwa wamenyooka na mabango yao. Sisi wa nyanda za juu kusini tuna mlima Kitonga, mizani na matuta.

Daftari halikuwekwa kwenye buti. Yule anayelishika alilibeba mwenyewe kwenye begi la mgongoni, kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na nakala iliyopigwa picha kwenye simu yangu.

Kwa hiyo alfajiri ile tulikuwa na bango lenye doa, na chumvi iliyoganda kama sukari guru. Walikuwa wamefanya mazoezi usiku: mahindi makavu kabisa, ambayo nyumbani yalipita jaribio, sasa yalionekana yamelowa. Chumvi ilinata kwenye kioo chupa nzima. Msemaji wetu alikuwa ameshaanza kulia.

Nikawauliza swali moja tu: kilichobadilika ni nini, mahindi au hewa?

Chumvi safi ya mezani, hewa inayoizunguka ikifikia unyevu wa kama asilimia 75, huanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka yenyewe iyeyuke. Chumvi yetu ya kawaida, yenye mabaki ya magnesi, huanza hata kabla ya hapo. Sumbawanga iko juu na chumvi hukaa kavu. Dar iko usawa wa bahari, na asubuhi hewa yake unaweza kuikamua. Wamama wa Pwani wanalijua hili tangu zamani, ndiyo maana utakuta punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi. Wanangu walikuwa wamegundua, bila kukusudia, kwamba jaribio lao lina mpaka: linapima unyevu wa mahindi pale tu ambapo hewa yenyewe haijailowesha chumvi.

Tukaenda jikoni, tukamwomba mpishi kikaango, tukaikausha chumvi juu ya jiko mpaka ikawa inalialia kama mchanga. Ikapoa ndani ya chupa iliyofungwa. Mahindi yaleyale, chumvi kavu, tikisa, subiri: kioo safi. Yule wa daftari akaandika yote mawili, lililoshindikana usiku na lililofaulu asubuhi, na saa zake.

Mezani alikuja jaji mama wa makamo, akaamkiwa, akaitikia, akainusa hewa kidogo (migebuka), halafu akaanza na swali nililolitarajia.

“Mlipokuwa mnapima kila mwezi, mlifungua chupa. Hewa haikuingia?”

Msemaji hakujibu. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa kosa akaligeuza upande wa jaji. Mama yule alisoma kimya, akafunua mbele, akafunua nyuma, akafika ukurasa wa asubuhi ile ile. “Hii chumvi ni ya leo?” Wakamweleza, mara huyu mara huyu, kwa dakika kumi nzima. Bango hakuliangalia tena.

Kitu kimoja kilichowasaidia hapo ni lugha. Watoto wetu husoma sayansi kwa Kiingereza, na wengi huja maonesho na hotuba waliyoikariri. Ukiwakatiza katikati wanarudi mwanzo kama kaseti. Mimi huwafanyisha mazoezi kwa Kiswahili kwanza, mbele ya wapishi wa shule na mlinzi. Mlinzi wetu huuliza maswali makali kuliko jaji yeyote, kwa sababu yeye mahindi yake yameliwa kweli. Anayeweza kumweleza mlinzi kwa nini dumuzi anakufa kwa kiu, Kiingereza atakiongezea baadaye bila shida.

Hatukushinda mwaka ule. Kulikuwa na miradi bora zaidi ukumbini na niliwapitisha wanangu kwenye meza hizo moja moja, waulize maswali badala ya kuulizwa. Kama una siku moja tu ya ziada Dar, usiwapeleke kwanza baharini. Wapeleke kwenye meza za wenzao, bahari waione jioni.

Safari ya kurudi tuliondoka Mbezi saa 12 asubuhi. Baada ya Chalinze niliona wale wawili wameweka kijiko cha chumvi kwenye kifuniko cha chupa, wazi, kwenye mapaja, daftari pembeni. Sikuuliza. Morogoro wakaandika kitu. Mikumi wakaandika tena, huku basi zima likitazama twiga. Tulipoteremkia bonde la Ruaha Mbuyuni ilikuwa saa saba mchana, joto kali, mibuyu pande zote na akina mama wanakimbilia madirisha na vitunguu. Nilikuwa nasinzia. Yule wa daftari akanigusa bega.

“Madam, imeanza kukauka.”

“Andika saa,” nikamwambia.