Kwa nini mgonjwa wa homa anaondoka bila kupimwa VVU

Mimi ni tabibu wa wagonjwa wa nje katika kituo cha afya kando ya Ziwa Tanganyika, Kigoma Vijijini. Wengi wanaoingia kwangu wana homa, na karibu kila mmoja hutobolewa kidole kupimwa malaria. Kipimo cha haraka cha VVU kinatumia damu ya kidole hicho hicho, na majibu yanapatikana ndani ya dakika 20. Hata hivyo wengi wanaondoka na jibu la malaria peke yake. Husemwa kwamba watu wanaogopa. Wapo wanaoogopa, sikatai, lakini kwa ninavyoona mimi kikwazo kikubwa kiko kwetu watoa huduma.

Tuanze na kauli zetu. Foleni imejaa hadi nje, tabibu amechoka, anashusha sauti: "Na ukimwi je, utapenda kupima?" Mgonjwa hapo anajiona ameshukiwa. Atakubali vipi? Muuguzi mmoja ninayefanya naye kazi huongea kwa sauti yake ya kawaida: "Baba, tunakutoboa kidole mara moja, tunaangalia malaria na VVU. Kama hutaki VVU leo niambie, matibabu yako utayapata vilevile." Wengi humpa kidole. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka ridhaa ya mtu, na kauli ile inaiheshimu, kwa sababu anayekataa hanyimwi chochote. Mabadiliko ya mwaka 2019 yameshusha umri wa kuridhia mwenyewe hadi miaka 15, jambo ambalo wenzetu wengi bado hawalizingatii. Kijana wa miaka 16 anaambiwa akamlete mzazi, na harudi.

Wanaume ndio wanaonisumbua moyo zaidi. Mama anapimwa anapoanza kliniki ya ujauzito. Mume wake hana mlango wa namna hiyo, anatuona akiumwa tu. Huku kwetu wavuvi wa dagaa huja kwa wingi wakati wa mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka taa hazivuti samaki na mitumbwi inabaki nchi kavu. Basi mvuvi yuko mbele yako, ana homa, ana nafasi, nawe unamwacha aende! Ukimuuliza anajibu, "Mke wangu alipimwa kliniki, hana." Jibu la mke ni la mke. Mmoja anaweza kuwa na virusi na mwenzake asiwe navyo kwa miaka, na hilo inabidi aelezwe taratibu, bila kumtupia mkewe wala yeye mwenyewe lawama.

Kisha kuna chumba. Vituo vingi vinampeleka mgonjwa ng'ambo ya uwanja, kwenye mlango ambao kijiji kizima kinajua ni wa nini. Akishuka ngazi, anakata kona kuelekea nyumbani. Meza ya kupimia ikiwa pale pale anapopimwa malaria, hakuna wa kumtazama. Ila meza hiyo inataka mtu aliyefunzwa kupima na kutoa ushauri nasaha, na saa ya kuangalia. Nimeshuhudia kipimo kikisomwa kabla ya muda kwa sababu foleni inapiga kelele. Mstari hafifu huchelewa kutokea, na mstari wa udhibiti, ule unaoonesha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea kabisa, kipimo hicho si halali, kirudiwe.

Vitendanishi, yaani vipimo vyenyewe, navyo vina mambo yake. Jibu la kwanza likionesha maambukizi, ni lazima lithibitishwe kwa kipimo cha aina nyingine. Cha kwanza kikiwepo na cha kuthibitisha kimekwisha, unamrudisha mtu nyumbani na hofu isiyo na jina, wakati tangu 2016 anayethibitika anastahili kuanza dawa za kufubaza virusi bila kusubiri kinga ishuke. Ndiyo maana kabatini mwetu aina zote huhesabiwa pamoja asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, na ya kuthibitisha huagizwa mapema, ingawa ndiyo inayotumika kidogo.